Majike, Hesabu na Bunduki: Mjadala wa Kuwinda Dubu Grizli

Mnamo Julai 2018 zaidi ya watu 7,000 waliomba kuingizwa katika bahati nasibu iliyoendeshwa na jimbo la Wyoming, magharibi mwa Marekani, na kilichoshindaniwa kilikuwa kibali cha kumuua dubu mmoja aina ya grizli, jambo ambalo halikuwa limeruhusiwa jimboni humo kwa zaidi ya miaka 40. Dubu walioruhusiwa kuuawa hawakuzidi 22. Miongoni mwa waombaji walikuwemo watu ambao hawakuwa na nia ya kufyatua hata risasi moja. Alikuwemo Jane Goodall, ambaye Kigoma na Tanzania nzima inamfahamu kwa kazi yake na sokwe wa Gombe, na Cynthia Moss, aliyetumia maisha yake kuwachunguza tembo wa Amboseli nchini Kenya. Walitaka kibali kiwaangukie wao ili kisitumike. Katika eneo lililo karibu na Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone wawindaji walipangiwa kuingia mmoja mmoja, kila mmoja kwa siku 10, kwa hiyo mtu ambaye angeingia na kamera badala ya bunduki angekuwa amewapunguzia dubu siku 10 za hatari. Mpiga picha Thomas Mangelsen, aliyejulikana kwa picha zake za dubu wa eneo hilo, alipata nafasi ya nane kwenye foleni.

Foleni hiyo haikusogea. Siku mbili kabla ya msimu kufunguliwa, jaji wa mahakama ya shirikisho huko Montana, Dana Christensen, aliusimamisha uwindaji, na tarehe 24 Septemba 2018 aliamuru dubu wa Yellowstone warudishiwe ulinzi wa sheria ambao serikali ya shirikisho ilikuwa imeuondoa. Mwanzoni mwa hukumu yake alieleza kwamba shauri lile halikuhusu kama kuwinda ni jambo jema au baya. Wengi waliisoma habari hiyo kama ushindi wa wapenda wanyama dhidi ya wawindaji, ilhali jaji mwenyewe alikuwa ameshughulika na maswali mengine kabisa: hesabu ya dubu, vinasaba vyao, na hatima ya makundi mengine yaliyobaki. Kwa maoni yangu ni maswali hayo yanayofaa kufuatwa kwanza, kwa sababu bila kuyaelewa mtu hawezi kujua upande upi unasema kweli kuhusu nini.

Grizli ni tawi la Amerika Kaskazini la dubu wa kahawia, spishi ileile inayopatikana Ulaya na Asia, na ambayo ndugu zao waliwahi kuishi hata katika milima ya Atlas kaskazini mwa Afrika kabla ya kutoweka. Anatambulikana kwa nundu ya misuli mabegani, kucha ndefu za kuchimbia, na manyoya ambayo ncha zake huwa na weupe wa kijivu. Inakadiriwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 grizli wapatao 50,000 waliishi katika eneo ambalo sasa ni magharibi ya Marekani, ukiiacha Alaska. Walowezi na wafugaji waliwaua kwa bunduki, mitego na sumu, mara nyingi wakilipwa na serikali kwa kila ngozi. Jimbo la California linaye grizli kwenye bendera yake hadi leo, lakini grizli wa mwisho anayejulikana kuuawa huko alipigwa risasi mwaka 1922. Kufikia mwaka 1975, Marekani ilipomworodhesha chini ya Sheria ya Viumbe Walio Hatarini ya mwaka 1973, walikuwa wamebaki kati ya 700 na 800, wamejibanza katika sehemu isiyofika asilimia mbili ya ardhi yao ya zamani.

Tangu hapo wameongezeka, na hilo halina ubishi. Sasa wanakadiriwa kuzidi 2,000 katika majimbo hayo. Zaidi ya nusu ya hao wako Montana kaskazini, kuanzia Hifadhi ya Glacier kuelekea kusini, na takriban 1,000 wengine wako Yellowstone na milima inayoizunguka. Waliosalia ni makundi madogo madogo karibu na mpaka wa Kanada. Watetezi wa uwindaji huanzia hapa: sheria iliwekwa ili kumwokoa dubu, dubu ameokoka, basi majimbo yarudishiwe mamlaka ya kumsimamia kama yanavyowasimamia wanyama wengine wa porini, pamoja na kuwinda wachache kila mwaka. Hoja hiyo ina uzito wake, na hawakukosea wanaosema kwamba sheria isiyomwondoa mnyama yeyote kwenye orodha itapoteza imani ya wananchi wanaoishi naye.

Gumu linaanzia kwenye neno “takriban”. Dubu hahesabiki kama ng'ombe anayepita lango la zizi. Ni mnyama wa peke yake, anayezunguka mamia ya kilomita za mraba za misitu na majabali, na anayelala pangoni miezi mitano ya mwaka. Katika eneo la Glacier, mwaka 2004, watafiti walitega nyaya za miiba kuzunguka chambo chenye harufu ya samaki waliooza na damu ya ng'ombe. Dubu aliyeivuka miiba aliacha manyoya, na vinasaba vya manyoya hayo vikamtofautisha na wenzake. Kazi hiyo kubwa ndiyo iliyotoa makadirio ya dubu 765, wengi kuliko ilivyodhaniwa.

Yellowstone walifuata njia nyingine. Kwa miaka mingi waliruka kwa ndege wakiwatafuta majike wenye watoto wa mwaka huo, kisha kutokana na majike hao wakakadiria kundi zima. Shida ni kujua kama jike aliyeonekana leo na watoto wawili ndiye yuleyule aliyeonekana jana katika bonde la pili. Watafiti walijiwekea kanuni: majike wawili wasiotofautika kwa idadi ya watoto, wakionekana ndani ya umbali wa kilomita 30, walihesabiwa kuwa mmoja. Kanuni hiyo ilifaa dubu walipokuwa wachache. Walipoongezeka na kusongamana, majike wengi walimezwa ndani ya jike mmoja wa kwenye karatasi. Mwaka 2021 umbali ulipunguzwa hadi kilomita 16 na ukokotoaji ukaboreshwa, na makadirio yakapanda kutoka zaidi kidogo ya 700 hadi kuzidi 1,000.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Dubu 300 na zaidi waliongezeka kwenye vitabu bila jike hata mmoja kuzaa. Walikuwepo tangu awali, na kilichobadilika ni jicho la mhesabuji. Sasa tuseme mpango wa usimamizi unasema kundi likizidi dubu 674, ziada inaweza kupunguzwa kwa kuwinda. Ile 674 ilipatikana kwa kanuni ya zamani. Ukiipima idadi ya leo kwa kipimo kipya lakini ukaacha shabaha kwenye kipimo cha zamani, utapata “ziada” ya mamia ya dubu, nayo inaweza kuuawa kihalali hadi kundi halisi lishuke chini ya lilivyokuwa. Njia ya kuepuka mtego huo ni kukubaliana mapema kwamba kipimo kikibadilika, shabaha nayo itarekebishwa. Wanasayansi wa serikali walilitaka sharti hilo, majimbo yakalipinga, na serikali ya shirikisho ikaliacha. Jaji Christensen aliona kwamba liliachwa ili kuyaridhisha majimbo, bila msingi wa kisayansi, na mwaka 2020 mahakama ya rufani ilikubaliana naye katika hilo. Wakati huo kipimo kipya hakikuwa kimeanza kutumika. Mwaka mmoja baadaye kilianza, na tofauti ikajitokeza kama ilivyohofiwa.

Hata hesabu ingekuwa kamili, bado ingebaki kujua ni dubu gani anayekufa. Jike wa grizli katika Yellowstone kwa kawaida huzaa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka mitano au sita, huzaa watoto wawili hivi, hukaa nao miaka miwili au mitatu, na kwa kipindi chote hicho hapati mimba nyingine. Hata mimba yenyewe ni ya masharti. Hupandwa mwishoni mwa majira ya kuchipua au mwanzoni mwa kiangazi, lakini kiinitete hukaa bila kujishikiza hadi Novemba, na iwapo jike hakupata mafuta ya kutosha mwilini mwake, mimba haiendelei. Watoto huzaliwa pangoni katikati ya baridi kali wakiwa na uzito wa nusu kilo tu, na wengi hawafiki mwaka. Ukizijumlisha hesabu hizi utaona kwamba jike anaweza kufika umri wa miaka 10 akiwa amejaza nafasi yake mwenyewe tu, asiongeze kitu. Kwa hiyo kundi la dubu hupanda au kushuka kwa uhai wa majike wazima. Kifo cha dume mmoja hakileti tofauti kubwa. Vifo vichache vya majike kila mwaka vinaweza kugeuza ongezeko kuwa upungufu, na upungufu wenyewe usionekane kwenye makadirio hadi baada ya miaka kadhaa.

Wyoming walilijua hili, na ndiyo maana karibu na hifadhi walipanga uwindaji ukome mara jike mmoja akiuawa, au madume 10, lolote litakalotangulia. Nakiri kwamba mpango huo ulikuwa wa uangalifu kuliko ulivyosimuliwa na wapinzani wake. Lakini ulitegemea mwindaji aweze kulitofautisha dume na jike kwa mbali, na hilo ni gumu sana. Nchini Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaendelea, mwindaji wa simba hutakiwa kupiga dume aliyetimiza miaka sita, na manyoya ya shingoni humsaidia kujua walau kwamba hilo ni dume. Grizli hana alama kama hiyo. Jike mkubwa na dume wa makamo, wakiwa mita 200 ng'ambo ya bonde, hufanana. Zaidi ya hayo, nje ya eneo hilo la karibu na hifadhi Wyoming iliruhusu dubu 12 wa jinsia yoyote, kwa hoja kwamba huko dubu hawatakiwi kuenea.

Lipo pia suala la yanayofuata baada ya dume kuuawa. Wasomaji wanaoifahamu Serengeti wanajua kwamba dume mpya wa simba akilitwaa kundi huwaua watoto aliowakuta. Utafiti wa dubu wa kahawia nchini Sweden umeonyesha jambo la namna hiyo: dume mkazi akiuawa na wawindaji, madume wapya huingia na vifo vya watoto huongezeka. Kwa upande wa grizli wa Amerika ushahidi ni dhaifu zaidi, na wataalamu hawakubaliani, kwa hiyo singependa kuitumia hoja hii kama nyundo. Inatosha kusema kwamba kumpiga dume si salama kiasi hicho kama inavyodhaniwa.

Chakula nacho kimeingia mahakamani. Serikali ilipowaondoa dubu wa Yellowstone kwenye orodha kwa mara ya kwanza mwaka 2007, jaji Donald Molloy aliwarudisha mwaka 2009, na sehemu ya sababu ilikuwa msonobari wa gome jeupe, mti wa kwenye miinuko ambao mbegu zake zina mafuta mengi. Dubu hazichumi mwenyewe. Hufukua maghala ya kuchakuro waliozikusanya. Miti hiyo imekufa kwa wingi kutokana na mbawakawa wanaotoboa gome na ugonjwa wa kuvu uliotoka nje ya bara hilo. Watafiti wa serikali walijibu baadaye kwamba dubu ni mlaji wa kila kitu na anaweza kubadili mlo wake. Ni kweli. Huko milimani hula nondo wanaojificha chini ya mawe, na inakadiriwa kwamba dubu mmoja anaweza kumeza hadi 40,000 kwa siku. Lakini miaka ambayo mbegu ni haba, dubu hushuka mabondeni, na mabondeni kuna nyama: mizoga, matumbo yaliyoachwa na wawindaji wa kulungu wakubwa waitwao elki, na ndama wa wafugaji. Chakula kinapatikana, ila kinapatikana mahali penye bunduki. Ndipo vifo vingi hutokea, kwa kuwa mwindaji aliyekutana na dubu ghafla hujitetea, na dubu aliyezoea ndama huuawa na maofisa.

Wafugaji wa huko hawastahili kubezwa. Mtu anayelisha ng'ombe wake katika mbuga za juu za mto Green, na kila kiangazi akakuta ndama waliochanwa, anabeba gharama ambayo mtalii aliyekuja kupiga picha haibebi. Mfugaji wa Ngorongoro au Laikipia angemwelewa kwa neno moja. Wyoming huwalipa fidia inayozidi idadi ya mizoga iliyoonekana, kwa kuwa katika nchi ile yenye vichaka mizoga mingi haipatikani kamwe. Lakini hapa ndipo hoja ya uwindaji inapolegea zaidi, kwa maoni yangu. Maofisa wa wanyamapori tayari huwaua makumi ya dubu wasumbufu kila mwaka, hata dubu wakiwa chini ya ulinzi wa sheria, na kila mmoja huuawa kwa kosa alilotenda. Mwindaji mwenye kibali humpiga dubu anayemkuta, na anayekutwa juu milimani anaweza kuwa ni yule ambaye hajawahi kumgusa ndama. Uzio wa umeme kuzunguka mizinga ya nyuki na mabanda ya kuku, walinzi wa kupanda farasi, kuondoa mizoga mapema, na kopo la dawa ya pilipili kiunoni, vyote hivi vinaelekezwa kwenye tatizo lenyewe. Husemwa pia kwamba kuwinda humfundisha dubu kumwogopa binadamu, lakini dubu aliyepigwa risasi akiwa peke yake hana wa kumfikishia funzo hilo.

Ukivuka mpaka kuingia Kanada, mambo hubadilika. Jimbo la British Columbia lina grizli wapatao 15,000, na kwa miaka mingi liliruhusu wawindaji kuwaua takriban 250 kila mwaka, kiasi ambacho wataalamu wa jimbo walisema kinavumilika. Mwaka 2017 serikali mpya ilitangaza kwanza kwamba anayetaka nyama aruhusiwe, mradi asibaki na kichwa, ngozi wala nyayo. Wananchi walipoulizwa, wengi walitaka uwindaji ukome kabisa, na Desemba ya mwaka huohuo ulikoma, isipokuwa kwa wenyeji wa asili wenye haki zao za kimila. Serikali haikudai kwamba dubu walikuwa wanakwisha. Ilisema wananchi hawautaki tena uwindaji huo. Oktoba ya mwaka huo mkaguzi mkuu wa jimbo alikuwa ameripoti kwamba tishio kubwa kwa grizli ni uharibifu wa makazi yao, na barabara nyingi za wakata magogo zinazokatiza misitu, wala si uwindaji. Kwa hiyo jimbo lilifunga mlango mdogo na kuuacha mkubwa wazi. Hata hivyo siwalaumu waliofunga ule mdogo. Mataifa ya wenyeji wa pwani yalikuwa yameshatangaza marufuku yao wenyewe tangu 2012, na katika eneo lao utafiti wa mwaka 2014 ulikuta kwamba watalii wanaokuja kuwatazama dubu walitumia fedha mara 12 ya zile za wawindaji.

Upande wa Marekani pia, wenyeji wa asili walisimama mbele. Kesi ya 2018 ina jina la taifa la Crow, na mwaka 2016 mataifa mengi ya Marekani na Kanada yalikuwa yametia saini mkataba wa kumlinda grizli, ambaye kwao ni babu na mganga. Kwa mtu anayeamini hivyo, swali la kama kundi linahimili vifo 22 halianzi hata kuulizwa.

Alaska iko kwenye mkondo wake. Ina dubu wa kahawia wapatao 30,000, huwindwa kwa maelfu ya vibali, na hakuna anayesema watakwisha kesho. Lakini mwaka 2023 maofisa wa jimbo waliwaua dubu hao 94 kutoka angani katika muda usiofika mwezi, wakitumaini kuliokoa kundi la karibou la Mulchatna lililokuwa limeporomoka kutoka wanyama 200,000 hadi 13,000 hivi. Karibou ni aina ya kulungu wa kaskazini, na wenyeji humtegemea kwa chakula. Tukio hilo liliwaudhi hata baadhi ya wawindaji, kwa kuwa halikuwa na uwindaji ndani yake.

Turudi Yellowstone, kwa sababu jambo moja limebaki. Dubu wa huko wametengana na wenzao wa kaskazini kwa karibu karne moja, na kati yao kuna mashamba, barabara kuu na vijiji vinavyokua. Kundi lililofungiwa hupoteza utofauti wa vinasaba polepole. Kila mwaka dubu husogea, na sasa ncha za makundi hayo mawili zimekaribiana sana, lakini dubu wanaovuka ushoroba huo ndio wanaotembea nje ya hifadhi, palepale ambapo Wyoming ilitaka kuruhusu dubu 12 wapigwe bila kuangalia jinsia. Mahakama iliuona mgongano huo na kutaka serikali ioneshe jinsi damu mpya itakavyoingia. Mwishoni mwa Julai 2024 majimbo ya Montana na Wyoming yalijibu kwa vitendo: yaliwakamata grizli wawili kaskazini, jike na dume, yakawapakia na kuwasafirisha hadi eneo la Yellowstone.

Mnamo Januari 2025 Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Marekani ilikataa maombi ya majimbo hayo mawili ya kuwaondoa dubu wa Yellowstone na wa Montana kaskazini kwenye orodha, na ikapendekeza grizli wote wa majimbo manne ya kaskazini magharibi wahesabiwe kuwa kundi moja. Wakati huohuo jike aliyejulikana kwa nambari 399, aliyelea watoto wake kando ya barabara za Grand Teton mbele ya macho ya maelfu ya watu, na ambaye mwaka 2020 alitoka pangoni na watoto wanne, alikuwa ameshakufa. Aligongwa na gari kusini mwa mji wa Jackson usiku mmoja wa Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 28, na wakati huo alikuwa akilea mtoto aliyezaliwa mwaka 2023.